Ukosi Uliofumuka

Mchana ule maduka yalifurika watu. Kijana mrefu mwenye fulana ya kijivu alipenya hadi kwa dada mmoja fundi cherehani, akaweka mezani vazi jeupe la judo, la kike. Ukosi wake ulikuwa wazi.

“Umefumuka tena,” alisema. “Na hakuna anayelivaa.”

“Basi mafundi wako wababaishaji, kaka. Mimi natia nyuzi mbili.”

Kumbe kijana yule alikuwa mwalimu wa judo. Fundi naye, tangu kibaka amkabe, alikuwa akitafuta pa kujifunza kujihami. Shule mbili alishazipa kisogo: moja ilikataza wageni kutazama mazoezi, na nyingine mwalimu alicheka mwanafunzi alipoumia.

“Kwangu njoo utazame kwanza,” mwalimu alimwambia.

Wiki mbili zilipita kwa simu.

“Umekula, Fundi wangu?”

“Nimekula. Umeangusha wangapi leo?”

“Nimeangushwa mimi, na hiyo sauti yako.”

Fundi alipokwenda kutazama mazoezi, amevaa gauni lake la bluu, alikuta wanafunzi wameacha nafasi moja mstarini. Pale palikuwa na lile vazi, limekunjwa, na wote waliliinamia kwa heshima. Ukosi, licha ya nyuzi zake mbili, ulikuwa umefumuka tena. Wivu ukamshika, akaondoka bila kuaga.

“Una mtu,” fundi alimwambia kwenye simu.

“Nilikuwa na mdogo wangu wa kike, vazi lile ni lake. Mwalimu wetu wa zamani alimkaba kwa ukosi. Ukitaka kuachiwa, unagonga mkeka mara mbili. Aligonga mara moja, nguvu zikamwisha, akafia pale pale. Mimi nilikuwa pembeni, nasubiri pigo la pili.”

Fundi hakulala vizuri. Asubuhi alimkuta peke yake ukumbini.

“Nikabe. Nataka kujua namkabidhi nani shingo yangu.”

“Usiniombe hilo, mpenzi.”

“Nikabe.”

Alimkaba. Macho ya fundi yaliingia giza, akagonga mkeka mara moja, na papo hapo mikono ikamwachia. Mwalimu alikuwa analia.

Ndipo likasikika pigo la pili.

Waligeuka wote wawili. Pale kwenye nafasi tupu, mkono wa lile vazi ulikuwa umekunjuka, umelala juu ya mkeka.

“Umesikia?” mwalimu alinong’ona.

“Nimesikia. Na wewe hukulisubiri.” Fundi alimfuta machozi kwa kiganja. “Nitajifunza hapa. Na Jumapili unipeleke kwa mama yako, nikajulishwe kama mkwe.”

Walisogea kulikunja vazi pamoja. Nyuzi zake mbili zilikuwa zimerudi mahali pake, na ukosi haukufumuka tena.