Diski Tupu Kutoka Pongwe

Haya yalimkuta Huwaida, rafiki yangu wa Mabawa. Mama yake alikuwa edani, akitamani kumwona marehemu mumewe kwenye video ya harusi yao, iliyobaki katika kompyuta mbovu tu. Huwaida alitaka kuinakili kwenye DVD tupu waitazame kwa deki yao, lakini madukani zilijaa diski zenye alama ya kujumlisha, DVD+R.

“Deki ya zamani itazikataa, dada’ngu,” muuzaji alimwambia. “Tafuta zenye alama ya kutoa.”

Alizipata Pongwe. Aliporudi, kompyuta ilikuwa imekufa na video yake.

“Weka hiyo uliyonunua,” mama alisema.

“Ni tupu, mama.”

“Weka, nakwambia!”

Skrini ilibaki nyeusi. Kwenye spika ulisikika mchanga ukiporomoka, kisha kikohozi cha baba.

“Huwaida,” aliita, “mbona giza?”