Kiwanda Kisicho na Ghala

Canter nyeupe ilitoka bandari ya Malindi kwa kasi. Muzdalifa aliifuata kwa pikipiki yake ya TVS, bunduki ya umeme kiunoni chini ya buibui.

Simu ililia ndani ya helmeti. Alikuwa mkuu wake wa upelelezi.

"Muzdalifa."

"Naam, Bi Khatun."

"Kasha moja la vizibo vya dripu ndani ya gari hilo lina sumu. Ni kazi ya wauza dawa za hospitali wa ng'ambo. Watu wakifa, kiwanda chetu cha dripu kinafungwa, kisiwa kizima tunanunua kwao."

"Nilizuie gari?"

"Ukizuia mzigo wote, wodi ya watoto haina dripu jioni. Litafute kasha lenyewe."

"Lipi?"

"Hatujui."

Simu ikakatika.

Kiwandani, Tunguu. Meneja, mzee Pirbhai, alimpokea mlangoni akijifuta jasho. Jasho la nini?

"Shikamoo. Mimi ni mkaguzi wa viwanda. Ghala liko wapi?"

"Marahaba. Ghala hatuna, bibie. Vizibo vinashuka melini leo, vinatumika leo, dripu zinaondoka leo. Hapa hakilali kitu."

Dereva, Shaame, alikwishaanza kushusha makasha. Alikuwa akiimba. Haraka ya nini?

Muzdalifa hakumwamini hata mmoja wao.

Mfukoni alikuwa na kipimo cha sumu. Kimoja tu, cha kutumika mara moja. Makasha yalijaa hadi dirishani, lakiri zote nzima, uzito sawa.

"Mashine inasubiri, bibie," Pirbhai alisihi.

Akapita kati ya makasha, akinusa. Plastiki mpya. Dizeli. Plastiki mpya.

Akasimama.

"Kaka Shaame, kwenu wapi?"

"Makunduchi, dada. Unatafuta mchumba?"

"Hebu njoo. Unasikia harufu gani hapa?"

Shaame aliinama, akanusa kwa nguvu.

"Mbona hamna harufu!"

Pirbhai alisogea, akaziba pua. "Mwani huo! Wewe huusikii?"

Shaame hakuusikia. Alizaliwa mwani ukianikwa mlangoni kwao, pua yake imeuzoea.

"Makasha yote yameshuka melini leo," Muzdalifa alisema. "Hili limelala siku nyingi kwenye banda la mwani kwenu Makunduchi, likingoja zamu yake."

Akatoboa kasha, akapangusa kizibo kwa kipimo.

Kikawa cheusi.

Shaame alitimua mbio. Bunduki ya umeme ikalia mara moja. Akaanguka kifudifudi, pingu zikamfunga.

"Mwanangu yumo wodi ya watoto, Shaame!" Pirbhai alifoka. "Ulijua!"

Kumbe jasho lilikuwa la baba.

Muzdalifa alimshika mkono. "Washa mashine, mzee wangu. Yaliyobaki ni salama."

Mashine ikanguruma. Chupa zikajipanga, moja baada ya moja, safi kama maji ya mvua. Walinzi wa kiwanda wakamchukua Shaame.

Alasiri Canter ilikuwa imejaa tena, safari hii chupa za dripu.

"Na sasa?" Pirbhai alihangaika. "Dereva umemfunga. Nani atazifikisha?"

Muzdalifa alivaa miwani ya jua, akashika usukani.

"Nimsalimie nani wodini?"

"Nadir. Kitanda cha dirishani."

Akatia gea, akaondoka.