Tundu Jipya kwenye Mkanda

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, Chiriku alikuwa wa kwanza kufika kwenye chumba cha bendi. Nyumbani walimpa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Siku hizi mdomo ulikuwa umetulia. Isiyotulia ilikuwa mikono na miguu. Akikaa anasimama, akisimama anavuta sweta, ingawa jua limeshapanda.

Chiriku ndiye aliyepiga ngoma kubwa, na hakuna kitu alichokipenda kuliko ngoma ile. Lakini muhula uliopita mvulana wa tarumbeta alimtazama, akasema, "Jamani, hapa ngoma ni ipi na mpigaji ni yupi?" Bendi nzima iliangua kicheko. Chiriku naye alicheka, huku moyo unamuuma.

Tangu siku hiyo, chakula chake cha mchana kiliishia kwa jirani yake wa dawati. Jioni aliwaambia wazazi kwamba ameshiba. Alikonda mpaka mashavu yakaingia ndani, na bado kwenye kioo alimwona yule yule aliyechekwa.

Ngoma ilishikwa na mkanda wa ngozi uliozunguka kiuno. Mkanda ulipoanza kumtelezea, alitoboa tundu kwa msumari. Baadaye akatoboa jingine. Siku moja katikati ya mazoezi, mkanda ulichanika penye matundu yale, ngoma ikaanguka, naye akakaa chini, macho yanaona giza.

"Mpelekee baba yako aushone," mwalimu wa bendi alisema. "Kwa sasa ngoma ataibeba mwenzako. Siwezi kukubebesha mzigo nawe unayumba hivyo."

Maneno hayo yalimkata maini. Tena baba yake, fundi viatu, ndiye aliyeutengeneza mkanda ule. Chiriku alikipita kibanda chake, akarudi, akakipita tena, mpaka baba akamwita mwenyewe.

"Unapima barabara, mama? Njoo hapa."

Aliugeuza mkanda mikononi. "Mimi natoboa kwa sindano ya kazi. Haya ya msumari ya nani?"

"Sijui, baba. Labda wenzangu."

Baba hakubishana. Alimzungushia mkanda kiunoni, juu ya sweta, akauvuta. Ulipita matundu aliyoyatoboa mwenyewe, ukapita na yale ya msumari. Mikono ya baba ikasimama.

"Mwanangu," alisema polepole, "umekwenda wapi?"

Chiriku alilia, akaeleza yote: kicheko, chakula alichogawa, uongo wa kushiba.

"Nami nimeinamia viatu vya watu, sikukuona," baba alisema. Alifunga kibanda mchana kweupe, wakaenda kituo cha afya.

Muuguzi alimpima, akamsikiliza bila haraka. "Baridi, kizunguzungu, kutotulia, huo ni mwili unadai chakula. Mwili wako haukumkosea mtu. Utakula pamoja na wenzako nyumbani, kidogo kidogo lakini kila wakati wa kula, na utakuwa unakuja kuniona. Ile sauti ya moyoni inayokwambia usile, usikae nayo peke yako. Itaje kwa mtu mzima."

Haikuwa rahisi. Siku za mwanzo tonge lilimgomea kooni, akawa anainuka kabla ya kumaliza. Baba alimkalisha, akamsimulia vituko vya wateja mpaka sahani ikaisha. Shuleni mwalimu alipiga marufuku utani kuhusu miili ya watu, na mvulana wa tarumbeta akaja kuomba radhi, anaangalia viatu vyake. Miezi ikapita. Vidole vya Chiriku vikapata joto, na usingizi ukarudi.

Siku muuguzi alipomruhusu kubeba ngoma, baba alimfunga mkanda ule ule, alioushona upya. Ulifungika kwenye tundu la zamani, lile la kwanza. Chiriku akashtuka, akashika kiuno.

"Baba, nimenenepa?"

"Umerudi," baba alijibu, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Sikiliza, mama. Mkanda kazi yake ni kumfuata mtu. Siku ukikubana, niletee niongeze tundu. Usijipunguze wewe ili kumridhisha mcheka ovyo. Na ukiumizwa na neno, lilete nyumbani siku hiyo hiyo."

"Nimesikia, baba."

Wakatoka pamoja, baba na mfuko wa vifaa vyake, Chiriku na ngoma. Njia nzima alimweleza habari za bendi, na baba hakupata nafasi ya kuingiza hata neno moja.