Mstari wa Nne

Cheti kiliandikwa juzi, lakini wino wake ulikuwa bado mbichi.

Mkaguzi alijifuta kidole kwenye sketi akaendelea. Kazi yake ilikuwa kupitia vyeti mia vya dawa vya wodi ya watoto na kuangalia kila mgonjwa kaandikiwa nini, na kwa sababu gani. Hadi saa tano alishakuta thelathini vyenye mstari wa nne usiosomeka. Madaktari walikuwa watano, mwandiko wa mstari huo ulikuwa mmoja, umejikunja kama nywele kwenye sabuni. Vyote thelathini vilinuka marashi.

"Hapa pameandikwa nini?" alimuuliza muuguzi.

"Sijui, dada. Nani anaiweza miandiko ya hawa?"

"Sasa watoto mmewapa nini?"

"Tukishindwa kusoma tunachoma ile sindano kali. Ndiyo kawaida."

"Kawaida ya nani?"

Muuguzi akaenda kuita daktari.

Daktari wa zamu akaja akitafuna. Alipokiona cheti, taya likasimama.

"Mimi niliandika dawa tatu," alinong'ona. "Huu wa nne si wangu, mama."

"Sahihi je?"

"Yangu."

Kitanda cha tatu, mama mmoja alikuwa amempakata bintiye, paja limeshapakwa spiriti, sindano iko tayari kwenye trei.

"Huyo hachomwi mpaka mstari huu usomwe," mkaguzi alisema. "Kwa sauti. Soma!"

Daktari akainama, midomo ikaanza kumtetemeka, na marashi yakazidi mpaka yakakaba koo, na watoto wote waliokuwa wakilia wakanyamaza kwa mpigo, na feni ikasimama, na jua la dirishani likafifia kama tochi iliyoishiwa betri, na kooni mwa daktari ikatoka sauti kavu ya kike: "Nyie mmeanza lini kusoma?"

"Leo!" Mkaguzi alifoka, hasira ikizidi woga wake. "Watoto thelathini, mwanaharamu wewe! Na nyinyi mnachoma tu, hata kuuliza hamuulizi!"

Akaukata mstari kwa kalamu nyekundu, akaukata tena, mpaka karatasi ikachanika. Kitu kikapiga ukelele chini ya meza. Feni ikazunguka. Binti wa kitanda cha tatu akalia, kilio cha kawaida cha njaa, na mama yake akamkumbatia.

"Katoka?" muuguzi aliuliza.

"Kwenye karatasi," alisema daktari.

Hapo ndipo mtoto wa kitanda cha tano, wa miezi minne, aliyechomwa ile sindano asubuhi, alipoketi wima bila kushikwa, akawatazama mmoja mmoja, akasema kwa sauti ileile kavu:

"Moja, kutwa mara tatu."