Nywele za Baravuga

Tangazo rasmi! Raia wote wa mtaa wetu wa Ngagara, wake kwa waume, waliosoma na wanaojifunza kusoma, simameni wima! Leo mnapewa maarifa mazito juu ya kulea mbwa mdogo mwenye nywele za kujikunja. Anayewafundisha ni mtaalamu Méthode, msomi wa shule ya bweni. Alama zake za biolojia ni siri kati yake na mama yake. Mama anasema si siri tena. Basi, kaeni tu.

Mbwa wetu anaitwa Baravuga. Kwa Kirundi maana yake ni "wanasema." Kwetu, mtu akichoshwa na majirani hagombani nao. Anampa mbwa wake jina la kuwajibu, halafu anamwita kwa sauti. Mbwa huyu alikuwa wa bosi wa Mama, Mbelgiji mmoja. Vita vilipozidi, bosi alirudi kwao na kumwachia Mama mbwa. Majirani wakaanza: "Sisi tunakosa sukari, yeye analea mbwa wa Wazungu!" Siku hiyohiyo Mama alisimama barazani akaita, "Baravuga! We Baravuga, kuja kula!" Mtaa mzima ulisikia.

Baravuga ni mdogo kama paka aliyeshiba. Nusu yake ni kanishi, wale mbwa wa nywele za kujikunja. Nusu nyingine Mungu anajua. Halindi mlango. Kazi yake ni kukaa na watu. Risasi zikilia milimani, anaingia chini ya kiti cha Mama. Mama anampapasa ili asiogope. Mimi huutazama mkono wa Mama. Mwanzoni unatetemeka. Baadaye unatulia.

Nilipokuja likizo ya Pasaka, mwaka 1997, nilimkuta Baravuga ananuka. Alijikuna mchana kutwa. Mama alimwogesha kila Jumamosi kwa sabuni nyingi. Lakini kila alipomwogesha, nywele zilizidi kuwa ngumu kama zulia kuukuu.

Kisha likatokea jambo la ajabu. Mzee Pierre, mkuu wetu wa nyumba kumi, alikuja kutoa mawaidha yake ya kila jioni. Baravuga akatokea nyuma ya nyumba akiwa na povu jeupe mdomoni. Povu lilitoka wapi? Sayansi haijajibu.

"Kichaa!" alipiga kelele Mzee Pierre. Alipanda juu ya benchi kwa wepesi wa kijana. "Mama Méthode, huyu mbwa ana kichaa! Kesho nakuja na vijana wa ulinzi. Watamuua."

"Apana," alisema Mama.

"Apana nini? Unakatalia mukubwa?"

"Mzee Pierre, mulisema tusitoke jioni, hatukutoka. Mulisema hakuna petroli, tulitembea kwa miguu. Hakuna sukari, tulikunywa chai chungu. Lakini Baravuga hatoki hapa. Mukija, mutanikuta mimi mulangoni."

Mzee Pierre aliondoka kinyumenyume. Nilitaka kucheka, lakini nikaona mkono wa Mama. Ulikuwa unatetemeka, na hakuna risasi iliyolia.

Asubuhi Mama alimwita jirani yetu Zénon, daktari wa mifugo. Daktari alivaa glavu, akasimama mbali kwanza.

"Anakunywa maji?"

"Anakunywa."

"Anameza chakula?"

"Chake na cha Méthode."

"Anayumba? Anauma ovyo? Ameumwa na mbwa mwingine?"

"Apana, Dokta. Anajikuna tu."

"Bon. Sioni kichaa. Lakini mumufungie ndani siku kumi, tumuangalie. Mzee Pierre nitamuomba angoje. Na musikie vizuri: mbwa mwenye kichaa kweli haguswi. Akikuuma, osha kidonda kwa maji na sabuni robo saa nzima, kisha kimbia hospitali siku ileile. Usingoje kuona."

Akagusa mgongo wa Baravuga. "Lakini hizi nywele! Munazichana?"

"Namuosha kila Jumamosi!" Mama alijitetea.

"Ndiyo kosa. Nywele hizi hazidondoki kama za mbwa wengine. Zinakua tu, kama zako. Na maji yanakaza mafundo. Chini yake ngozi haipati hewa, inaoza. Chana kwanza kila siku, mpaka kwenye ngozi. Osha baadaye. Kisha kausha vizuri, na masikio pia."

Alipitisha kitana kati ya ngozi na mkasi, akakata fundo moja baada ya jingine. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, imejaa kupe.

"Pole, mutoto wangu," Mama alimwambia mbwa. Mimi sijawahi kuambiwa hivyo.

Zénon aliwatoa kupe, akapaka dawa. Alitukataza kumpa vitunguu na mifupa ya kuku iliyopikwa. Tulibaki na mbwa nusu, kama kuku aliyenyonyolewa.

Siku kumi zilipita. Baravuga hakujikuna tena. Zénon alimchoma chanjo ya kichaa cha mbwa, na kusema irudiwe kila mwaka. Ndipo Mzee Pierre akaja na vijana wawili wenye marungu. Mama alikuwa mlangoni, kama alivyoahidi.

"Ingieni, mushuhudie," alisema.

Alimchana Baravuga, kisha akamwogesha mbele yao. Mbwa alitulia kama bwana harusi kwa kinyozi.

"Kweli huyu ni muzima," alisema Mzee Pierre. "Lakini lile povu? Nililiona na macho yangu!"

"Méthode, shika sabuni, nilete taulo," alisema Mama.

Nikashika sabuni. Baravuga aliitazama mkononi mwangu. Akafumba mdomo kwa nguvu, akaruka kutoka kwenye beseni, akaficha uso wake kwenye suruali ya Mzee Pierre.

Mzee Pierre alimtazama mbwa. Akaitazama sabuni. Akanitazama mimi.

"Méthode," alisema Mama polepole sana.

Haya, ni mimi. Nilimpaka Baravuga povu la sabuni mdomoni ili Mzee Pierre apunguze mawaidha. Sikufikiria marungu. Sikufikiria mkono wa Mama. Sasa namchana kila asubuhi, na hata tangazo langu rasmi ni adhabu. Mama ameamua niandike yote, na Mzee Pierre ayasome kwa sauti kwenye mkutano wa nyumba kumi.

Nimekubali. Ila namwomba asome kila neno, hata pale alipopanda benchi.