Kaburi la Nasra na Mikoko ya Mtondooni

Kila Shaabani, siku chache kabla ya kufunga, watu wa Mtondooni hupalilia makaburi yao. Wanaume hushika majembe na mapanga. Wanawake hufagia na kupanda mirehani. Kazi ikiisha hula wali pamoja na kutaniana kidogo, maana waliolala pale ni watu wao, si wageni.

Mtondooni ni kijiji kidogo, kusini ya Ushongo. Makaburi yako ufukweni. Nyuma yake kuna minazi. Mbele, upande wa bahari, palikuwa na kichaka cha mwitu, na baada ya kichaka mikoko mikubwa iliyosimama matopeni.

Chiku alikuwa na kaburi moja tu la kupalilia. Lilikuwa la binti yake, Nasra, aliyefariki kwa homa akiwa na miaka sita. Mwaka ule uwanja ulikuwa umejaa, kwa hiyo Nasra alizikwa mstari wa mwisho, karibu na kichaka.

Shaabani moja Chiku alifika akakuta udongo wa kaburi umefukuliwa. Mirehani imeng'olewa. Nyayo za nguruwe pori zimejaa kila mahali na zimeelekea kwenye mikoko.

Hakulia. Alikwenda moja kwa moja barazani, walikokaa wanaume.

"Nguruwe wamemchimba mwanangu," alisema. "Wanalala kwenye ile mikoko. Na nyinyi mnakunywa kahawa."

Mumewe, Zubeiri, aliweka kikombe chini. Jirani yao Sadalla ndiye aliyejibu.

"Mikoko ni hifadhi, shemeji. Haikatwi bila kibali cha serikali."

"Serikali imemzika nani pale?"

Kesho yake wanaume wote walishuka na mapanga na mashoka. Walikata kichaka, kisha wakakata mikoko yote iliyokuwa mbele ya makaburi. Kazi ilichukua siku tatu. Sadalla, aliyekuwa na wasiwasi wa kibali, alikata kuliko wenzake.

"Nguruwe sasa wakapange chumba Pongwe," alisema, na watu wakacheka.

Miti mingine ilikwenda kujengea nyumba, mingine jikoni. Makaburi yakabaki peupe, safi, yanaonekana tangu njiani. Wazee walimsifu Chiku kwamba anajua kuwaheshimu maiti. Mwaka ule alilala usingizi mzuri.

Kisha mawimbi ya upepo wa kusi yakaanza kazi yake. Mwaka wa kwanza yaliondoa tope. Mwaka wa pili yakala mchanga. Mwaka wa tatu bahari ilikuwa hatua tisa kutoka kwa Nasra. Chiku alizipima kwa miguu yake, akazipima tena baada ya wiki mbili. Zilikuwa saba.

Wiki hiyo alikuja Dorkasi, ofisa misitu wa wilaya, Msambaa wa milimani. Alifika kwa pikipiki, viatu vimejaa matope. Alimwamkia Mwalimu Rahimu wa msikitini, "Shikamoo mwalimu," kisha akaomba aonyeshwe pwani. Alitazama visiki kwa muda mrefu.

"Nani alikata?"

"Sisi sote," alisema Zubeiri.

"Mimi ndiye niliyesema ikatwe," alisema Chiku. "Kwa sababu ya nguruwe waliofukua kaburi la Nasra wangu."

Dorkasi aliokota kipande cha mzizi.

"Mama Nasra, mizizi hii husimama majini kama vidole. Wimbi likija linapita katikati yake, linachoka. Likifika ufukweni halina nguvu tena. Na tope linalokuja na maji linanaswa hapohapo, nchi inakua. Mkiondoa mizizi, wimbi linafika likiwa zima. Linabeba mchanga, linakwenda nao."

"Haya unatuambia leo," alisema Chiku. "Ulikuwa wapi tulipokuwa tunakata siku tatu?"

Dorkasi aliweka mzizi chini.

"Wilaya nzima niko mimi na pikipiki moja," alisema. "Hilo si jibu zuri, lakini sina jingine."

Zubeiri alisema huenda bahari imepanda tu yenyewe, imepanda kila mahali. Dorkasi hakubishana naye. Jumanne iliyofuata aliazima gari, akawachukua Zubeiri, Chiku, Sadalla na Mwalimu Rahimu, akawapeleka kusini mpaka hifadhi ya taifa ya Saadani. Askari wa hifadhi aliwaongoza hadi ufukweni.

"Bahari ni ileile," Dorkasi alimwambia Zubeiri. "Na upepo ni uleule. Tazama."

Mikoko ilikuwa imesimama minene, haina kisiki. Mawimbi yalivunjika mbali. Yaliyofika kwenye mizizi yalikuwa mapovu tu. Kaa walikimbia matopeni na samaki wadogo walijaa kwenye vidimbwi. Chini ya miti kulikuwa na nyayo za nguruwe, nyingi kuliko zile za Mtondooni.

"Wageni hulipa kuja kuona tembo," alisema askari. "Ni vizuri, hifadhi inapata fedha. Lakini pwani hii hailipiwi na mtu, nayo inafanya kazi usiku na mchana."

Hatua chache ndani ya kichaka Chiku aliona jiwe limesimama, na jingine mbele yake. Lilikuwa kaburi la zamani. Majani yamelifunika, na udongo wa pembeni umepekuliwa na nguruwe. Lakini lilikuwa zima.

"La nani hili?" aliuliza.

"Hajulikani," alisema askari. "Liko hapa tangu kabla sijazaliwa."

"Nani analipalilia?"

"Hakuna."

Chiku alikaa chini. Alilipangusa lile jiwe majani. Kisha akasema, "Huyu hana mtu, na bado yuko. Wangu ana mama, na bahari inamfuata."

Njiani kurudi, Mwalimu Rahimu ndiye aliyeanza kusema.

"Maiti hasumbuliwi. Lakini maji yakimfuata, kumhamisha ni ruhusa. Tumhamishe Nasra kwanza, nyuma ya minazi, Ijumaa baada ya sala, watu wote wawepo."

"Kwa nini isiwe kesho?" aliuliza Chiku.

"Kaburi jipya halijachimbwa, sanda haijanunuliwa. Ijumaa si mbali."

Alhamisi iliangukia bamvua, siku ambazo maji hujaa kuliko kawaida. Na upepo ulikuwa mkali. Asubuhi ya Ijumaa maji yalipotoka, mstari mzima wa mwisho wa makaburi haukuwapo. Zubeiri alitembea pwani mpaka mchana, anatazama chini. Hakupata kitu. Aliporudi nyumbani alimkuta Chiku amekaa na sanda mpya ya Nasra mapajani.

Siku arobaini zilipopita, Chiku alipanda boda hadi ofisini kwa Dorkasi.

"Mbegu za mikoko zinapatikana wapi?"

"Mama Nasra, pole. Hakuna anayekudai kazi hiyo."

"Zinapatikana wapi?"

Wanakijiji walipanda mara ya kwanza mchangani, zote zikasombwa. Dorkasi akawaonyesha kwamba mbegu zipandwe penye tope, tena nyuma ya fito zinazopunguza nguvu ya wimbi. Mara ya pili, karibu nusu ilishika. Sadalla alikuwa akishinda na matope mpaka magotini, haleti tena utani. Kuzuia nguruwe walipanda mkonge kuzunguka makaburi yote, mistari miwili, imesongamana. Nguruwe waliujaribu mara moja, miiba ikawarudisha. Jambo hilo lingewezekana tangu siku ya kwanza.

Sasa ni mwaka wa sita tangu kupanda. Mikoko imempita mtu kimo. Tope limerudi, mchanga umetulia, na wanawake wanaokota kaa kama zamani. Shaabani iliyopita, Kijakazi, mke wa Sadalla, alimshika Chiku mkono.

"Mungu akulipe, Mama Nasra. Makaburi yetu yamepona."

"Yenu yamepona," alisema Chiku. Kijakazi akauachia mkono wake.

Mwezi jana alikuja mwanamke wa kijiji cha jirani, Mwanasiti. Nguruwe walikuwa wamefukua kaburi la mumewe, na wanaume wa kijiji chao walikuwa wakinoa mashoka wakate mikoko. Alitaka kujua Mtondooni walifanyaje.

Chiku alimwonyesha mkonge. Kisha akamshusha mpaka kwenye mikoko.

"Na wa kwako amelala wapi?" aliuliza Mwanasiti.

Chiku alinyoosha kidole.

"Pale kwenye miti?"

"Mbele ya miti. Kwenye maji."

Mwanasiti alitazama maji. Aliomba miche ya mkonge. Chiku akachukua jembe, akamng'olea arobaini, akamfungia vizuri, na akamsindikiza mpaka njia kuu akimhimiza awahi kabla ya wanaume kuanza kukata.