Ndege ya Davis

— Lete hiyo simu na mimi nione.

Mzee Selestini, mshenga aliyetoka Mwandiga asubuhi na koti lake la harusi, aliisogeza miwani. Sebuleni kwa Mzee Telesphory, pale Ujiji, simu ya Honorata ilikuwa imeshapita mikono yote. Picha ilionyesha ndege imesimama uwanjani Dar es Salaam, injini moja iko wazi, mafuta yanachuruzika. Chini yake Davis, mchumba aliyetakiwa kuja kujitambulisha siku hiyo, aliandika: "Mpenzi, ndege imeharibika. Safari imefutwa. Niombee radhi kwa wazee."

— Maskini kijana wa watu, mshenga alisema. — Ingeharibikia angani je?

— Bora uzima, alijibu Mzee Telesphory, baba yake Honorata. — Tutapanga siku nyingine.

Shangazi Rozalia akamsogelea Honorata sikioni.

— Una bahati wewe. Ungevaa nyeusi kabla ya nyeupe.

Honorata hakucheka. Aliichukua simu yake, akaivuta ile picha pale mlangoni mwa ndege. Palikuwa na mkwaruzo mwembamba, mwisho wake umepinda. Akatoka uani bila kuaga.

Kabla hajahamia Dar kwenye kazi ya kuchora kwa kompyuta, Davis alikuwa na chumba cha steshenari Kasingirima. Humo ndimo alimoiunda ndege yake ya kwenye kompyuta. Honorata akitoka kuuza dagaa Kibirizi alikuwa anakaa nyuma yake, kimya, anatazama tu.

— Kila nikiiangalia naona toi, Davis alilalamika siku moja. — Inakosa nini?

— Imeoga mno. Haijawahi kubeba mtu hiyo. Matairi yabonyee kidogo, si ina uzito? Nyuma ya injini weka masizi. Na hapo mlangoni watu wangekwaruza na mabegi yao.

— Basi kwaruza wewe.

Alimwachia mausi. Honorata akachora, mkono ukamteleza mwishoni.

— Nimeharibu. Futa.

— Sifuti. Sasa ndiyo imekuwa ndege.

Siku ile alimpenda kuliko siku zote.

Sasa alisimama kando ya jiko la mkaa, akapiga simu.

— Mpenzi, nimechoka, Davis alipokea. — Tuko hapa uwanjani tangu alfajiri, hawatuambii kitu.

— Mbona kumetulia hivyo?

Davis alianza kueleza habari za mafundi, Honorata akamkatiza.

— Nimeuona mkwaruzo wangu, Davis.

— Honorata, nisikilize.

— Injini uliifungua lini?

— Juzi.

— Na mafuta?

— Jana. Uliwahi kuniambia mafuta hayatulii duara, yanafuata mteremko. Nikafanya hivyo.

— Umefanya vizuri. Hata baba ameamini.

Sauti ya mwanamke ikasikika kwa mbali: "Davis, chai inapoa."

— Nani huyo?

— Anaitwa Erica. Ana mimba yangu, tunaishi wote. Nilitaka kukwambia. Kila nikiandika, nafuta. Nikaona ndege ikiharibika hutanichukia. Ningesogeza siku, halafu nyingine, mpaka uchoke mwenyewe.

— Mimi huwa sichoki. Hilo unalijua.

— Ndiyo maana nilikuwa nakuogopa.

Honorata alikata simu. Ndani walikuwa wanamwombea Davis asafiri salama atakapokuja. Alimsikia shangazi akiitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Angeweza kunyamaza. Angenyamaza, angebaki mchumba wa mtu hata mwezi mmoja mbele za majirani.

Alipoingia, baba yake alimwangalia kwa matumaini.

— Anasemaje? Mafundi wamefika? Mzee Selestini anapendekeza Jumamosi ijayo.

Honorata alipiga magoti mbele yake.

— Msipange, baba. Davis ana mwanamke huko, na mtoto anakuja. Ndege hiyo haipo. Ameichora.

Shangazi Rozalia aliuziba mdomo kwa kanga. Mshenga alianza kuvua koti lake taratibu, kifungo kimoja kimoja, macho chini.

Mzee Telesphory aliunyoosha mkono, akapewa simu. Aliitazama ile picha kwa mbali, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali tena.

— Lakini mwanangu, hii mbona ni ndege kabisa?

— Ndiyo, baba. Nilimsaidia.